Kigoda cha Stefano

Jumapili, 18 Aprili 1954
Pasaka. Uji, pasi, kitambaa cha kichwa. Mume wangu Stefano amebeba vigoda vyote viwili mpaka kanisani. Ukumbi hauna mabenchi. Kila mtu huja na cha kukalia kutoka kwake. Wanawake kushoto, wanaume kulia. Chake alikichonga mwenyewe kwa mabaki ya mbao za karakana ya reli. Miguu minne, mmoja mfupi kidogo. Kinayumba. Amesema atautengeneza. Husema hivyo kila Jumapili.

Jumamosi, 24 Aprili
Askari kabla ya mapambazuko. Mtaa wetu wote wa Shauri Moyo umezungukwa. Wanaume wamekalishwa barabarani, mikono kichwani. Nimesema mimi ni Mmaragoli, nikaambiwa nirudi ndani. Stefano ni Mkikuyu, na Wakikuyu ndio wanaosakwa. Amepandishwa lori pekupeku. Nilitoka na viatu vyake, nikasukumwa nyuma. Viatu ninavyo hapa.

Jumapili, 25 Aprili
Hakuna ibada. Hakuna kutoka nje. Nimepiga magoti. Maneno hayakuja.

Jumapili, 2 Mei
Nimebeba vigoda viwili. Sikuwa nimepanga, vimezoea kuondoka pamoja. Chake nimekiweka mahali pake, upande wa wanaume. Upande huo sasa una nafasi nyingi.

Mzee Yona, mhubiri wetu, amesema hii ni hukumu. Mungu anaipepeta nchi na makapi yanaondoka. Nimekasirika. Hukumu naiamini. Ardhi imeporwa, watu wamechinjana, na Mungu ameona yote. Atawahukumu wenye mapanga na wenye bunduki pia. Lakini Stefano si makapi.

Ijumaa, 14 Mei
Nimefundisha shuleni, kisha foleni ya kuuliza habari za waliochukuliwa. Mmoja amesema wako kambi ya Lang'ata. Mwingine amesema Manyani. Hakuna anayejua.

Jioni karani wa nyumba amekuja. Chumba kiko kwa jina la Stefano, na Stefano hayupo. Nitoke mwisho wa mwezi. Mama Zuhura, anayeuza mahamri penye bomba letu la maji, ana nyumba yake Pumwani. Amesema kuna chumba cha nyuma, nikikitaka.

Ninaogopa jambo moja. Stefano atarudi, atagonga mlango huu, na atafunguliwa na mtu mwingine. Nimewaza sana. Kanisa analijua. Huko ndiko atakakonitafuta. Basi kigoda kitakaa pale pale kila Jumapili, nihamie popote.

Jumapili, 16 Mei
Nimechelewa kidogo kukitazama, na mgeni amekikalia. Nimevuka upande wa wanaume nikamwomba ainuke. Mzee Yona amesema, “Binti, kiti ni cha mtu aliyepo.”

Nimesema, “Atakuwepo, mzee.”

Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu anayejua. Sijui kitu. Baada ya ibada hakuna aliyefuatana nami njiani. Wanawake wa kwetu walitangulia wakicheka mambo yao.

Jumatano, 19 Mei
Mama Zuhura ameniuliza kama ni kweli nilimwinua mgeni. Nimekubali. Amecheka mpaka akashika kiuno. “Mwalimu, hicho kigoda kinahudhuria kanisa kuliko Wakristo wengi.” Nimecheka pia. Mara ya kwanza tangu lori lile. Halafu nimeingia ndani na kulia.

Kila siku ninamwuliza Mungu, mpaka lini? Hajibu. Bado ninamwuliza Yeye. Sina mwingine wa kumwuliza.

Jumamosi, 29 Mei
Kaka Ezekieli amefika kwa gari moshi kunichukua turudi nyumbani. Ameona vitu vimefungwa, akafurahi. Nikamwambia vinakwenda Pumwani.

“Dada, mume hayupo. Nyumba hamna. Umebaki na kigoda, tena kibovu.”

Nimemweleza kwa nini. Amesema hiyo si imani, ni ukaidi. Labda. Usiku nusu ya moyo wangu ilikuwa tayari imeshapanda gari moshi. Nyumbani kuna mama, kuna sauti za watu. Hapa ninakula peke yangu.

Jumapili, 30 Mei
Kabla sijamaliza kufunga kitambaa, kaka alikuwa mlangoni na vigoda vyote viwili. Nilimwambia leo akikalie yeye, maana hana chake. Nilikuwa karibu kumwambia kwamba kesho nitakwenda naye.

Nikamtazama kutoka upande wa wanawake. Alikwenda mpaka mahali pa Stefano. Sikumwonyesha mimi, aliuliza mtu. Akakiweka kigoda, akakigeuza kidogo kielekee mbele. Kisha akaketi chini, kwenye saruji, kando yake, na suti yake ya harusi.

Mzee Yona alimtazama kwa muda. Makapi hakuyataja. Aliomba kwa ajili ya waliochukuliwa. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Jumatatu, 31 Mei
Kaka ameondoka. Nimehamia Pumwani. Chumba kidogo, kikavu. Nimesahihisha madaftari ya watoto. Stefano sijui yuko wapi, Mungu anajua. Viatu viko chini ya kitanda.

Kabla ya kwenda stesheni kaka aliomba msumeno asawazishe miguu ya kigoda. Nimemkataza. Hiyo ni kazi ya Stefano.