Zuhura Ametoka Unyagoni

Jumapili, kipupwe. Upepo wa hapa kijijini Matambarale umenipasua midomo, na bado nimeshinda nikitabasamu.

Binti yangu ametoka unyagoni.

Hasira ninazo bado, kidogo. Wifi yangu, ambaye wanawali waliwekwa nyumbani kwake, alinipigia kabla hawajaingia, nikiwa mashineni kwangu Nachingwea. "Wifi, Zuhura mwache abaki na watoto wenzake. Hafundishiki huyo." Zuhura ana miaka kumi na sita. Watoto wenzake ni akina nani?

Mashine ya kusaga nimeinunua kwa jasho langu, na mizani siichezei. Huwezi kuniambia kilo tano na kilo hamsini zote ni mzigo tu. Lakini kwenye ulemavu wa akili watu hawapimi. Viwango ni vinne: mdogo, wa kati, mkubwa, na mkubwa sana, ambao mwenye nao huhitaji kulishwa na kugeuzwa, naye ni mtu vilevile. Zuhura ni wa kati. Anaongea kwa maneno machache, anaoga mwenyewe, anasonga ugali. Umfundishe jambo mojamoja, urudie, urudie tena. Chenji hajui, na kila mgeni kwake ni rafiki.

Hilo la wageni ndilo linalonitisha. Nilitaka afundishwe kwamba mwili wake ni wake.

Nikamfuata kungwi mwenyewe. Akauliza swali moja tu: "Ukimwonyesha, anaiga?"

"Anaiga, bibi."

"Basi mlete. Hao wengine nao huwa nawarudia, ila wanajua kujifanya wameelewa."

Leo wanawali wametolewa, wamepakwa mafuta, kanga mpya, macho chini. Zuhura peke yake aliinua uso kunitafuta. Kungwi akamgusa kidevu, naye akainamisha uso. Nilicheka huku machozi yananitoka.

Wifi aligawa pilau. Sikumsemesha. Nimekosea? Labda.

Halafu bintiye mdogo, ambaye siku zote humwita Zuhura kwa jina na kumtumatuma, akaja akasimama mbele yake.

"Shikamoo, dada."

Zuhura akanitazama. Sikumsaidia.

"Marahaba."

Hakuna aliyemwambia aseme.

Najua mengi aliyofundishwa yatamtoka. Nitamkumbusha, moja moja, hata mwaka mzima. Kesho asubuhi narudi Nachingwea, na safari hii naongozana na mwanamke mwenzangu.