Albamu Niliyokufungia Kabatini

Kaka yangu Haji,

Salamu zangu ni zile zile ninazokutolea kila nikipita makaburini Mwanakwerekwe. Leo nimeona nikuandikie, maana nina habari ndefu na pale huwa napita mbiombio. Sikukuu ya Mfunguo Tatu, Idi ya kuchinja, imekaribia, mafundi cherehani wa Jang'ombe washaanza kuwakimbia wateja wao, na albamu za roki zinazotoka kabla ya sikukuu ni tatu. Tatu, Haji! Na wewe hupo.

Ya kwanza ni ya wale jamaa zako wenye magitaa matatu, ambao uliapa hawatorekodi tena kwa vile wamezeeka na kutwa wanagombana. Basi wamepatana. Ya pili ni ya yule dada mwenye sauti ya kukwaruza, uliyekuwa ukisema anaimba kama aliyekwamwa na mwiba wa samaki. Ya tatu ni muziki wa filamu. Filamu yenyewe sijui inahusu nini na wala sina haja nayo, ila gitaa lote humo kapiga yule mpigaji wako mzee wa mkono wa kushoto. Nimeziandika zote katika daftari letu, chini ya maneno ya mwandiko wako: "Zinazokuja kabla ya sikukuu."

Unakumbuka lilivyoanza daftari hili? Wewe ulikuwa na miaka kumi na minne, mimi kumi. Ulikuwa ukiibana redio sikioni kusikiliza idhaa za nje, ukiandika majina kwa kukisia, kisha unampelekea yule mwenye duka la kurekodi kaseti katika uchochoro wa Mkunazini. Kaseti ya mwanzo ilipopatikana, sikukuu ilikuwa imebakia wiki moja. Mimi nililia nikitaka tuisikilize pale pale. Wewe ulimwendea mama, aliyekuwa akizifungia nguo zetu mpya kabatini, kanzu yako na gauni langu, zimefukizwa udi.

"Mama, na hii nifungie," ulimwambia. "Nguo mpya haivaliwi kabla ya sikukuu, na hii haisikilizwi."

Mama aliitazama ile kaseti kama kwamba umempa panya. Lakini aliifungia, na ufunguo akaupiga fundo kwenye pindo la kanga. Tangu siku hiyo ikawa ndiyo sheria yetu. Asubuhi ya sikukuu ukirudi msikitini, kaseti hutolewa inanukia udi, tunaitia kwenye redio huku tunakula tambi, na majirani wanadhani kwetu kunapigwa mabati. Na mwimbaji akianza kupiga ukelele, mama hakosi neno lake: "Masikini, huyu kafiwa na nani?"

Tulikua na hatukuacha. Ulikwenda Nungwi kufunga maspika ya mahoteli, mimi nikabaki nyumbani na kazi yangu ya kusomesha. Kaseti zikaondoka, zikaja sidii, zikaja flashi. Siku uliyompa mama flashi aifungie, aliigeuzageuza kiganjani.

"Makelele yote yale yanaingia humu?"

"Yanaingia, mama, na nafasi inabaki."

"Basi tia na Yasini humo, yapate kupoa," akasema, na akafunga kabati.

Nacheka peke yangu ninapoandika haya. Lakini sikukaa kitako kuandika ili nicheke, na wewe unajua.

Mwaka ule figo zilipokuzidi ulirudi nyumbani, tukakulaza chumba cha mama, mkabala na kabati lile lile. Albamu uliyoingojea miaka ilitoka Ijumaa, sikukuu bado siku sita. Niliishusha kwenye simu yangu, nikaja kukuonyesha picha ya jaladani. Uliishika simu kwa mikono miwili.

"Hebu nsikilizishe mmoja tu," uliniambia.

"Thubutu! Sheria umeiweka mwenyewe. Bado siku sita."

"Mmoja tu, Mwanaisha. Wowote."

"Ngoja sikukuu, kaka."

Ulinitazama kidogo, kisha ukacheka. "Haya, umenipata," ukasema. Mimi niliihamishia albamu kwenye flashi, nikampa mama aifungie pamoja na kanzu yako mpya, nikatoka chumbani nikijiona nimekuchangamsha.

Ulitutoka siku ya tatu. Kanzu ile hukuivaa.

Watu huniambia sikujua, na ningejuaje. Nilijua, Haji. Nilikuwa nikiona miguu yako ilivyovimba, nilikuwa nikisikia pumzi zako. Kukusikilizisha siku ile kungekuwa ni kukubali kwamba sikukuu hutoifika, na mimi sikutaka kukubali. Nikajificha nyuma ya sheria ya watoto wawili. Na naamini wewe uliliona hilo, ndiyo maana hukuniomba mara ya tatu. Ulikuwa mgonjwa, na bado ukanionea huruma mimi. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Flashi ile imelala kabatini miaka mitatu. Kila sikukuu mama hufungua, hutoa nguo, huitazama, na hufunga tena. Hakuwahi kusema kitu mpaka jana, aliponikuta mchana jikoni nimeliegemeza daftari kwenye kopo la chumvi.

"Nshaandika za mwaka huu," nilimwambia. "Tatu."

"Na ile ya mwenzio?"

"Ipo. Sijaisikiliza."

Alifungua fundo la kanga, akaniwekea ufunguo juu ya daftari. "Unangoja sikukuu gani, mwanangu?"

Nilikwenda kuitoa nikiwa na kanga yangu ya jikoni na unga wa chapati mpaka vifundo vya mikono, nikaichomeka kwenye redio. Mama akakaa na ungo wake wa mchele akichagua. Wimbo wa kwanza ukapita, wa pili ukapita. Wa tatu unaanza na gitaa moja tu, polepole, kisha linaingia la pili, kisha la tatu, halafu mwimbaji akaachia ukelele kama ule unaoujua. Nikamtazama mama, nikingojea neno lake la siku zote. Mikono yake ilikuwa imesimama juu ya mchele.

"Ongeza sauti," akasema.

Tuliusikiliza mara nne, Haji, na tulilia sote wawili, na chapati hazikupikwa.

Nisamehe, kaka yangu. Hizi tatu za mwaka huu sizifungii. Ya magitaa matatu inatoka kesho Ijumaa, na nitaisikiliza kesho hiyo hiyo, nikiwa na nguo za kila siku, na mama keshaniuliza ni saa ngapi. Mungu akulaze pema. Uliniomba mmoja tu, wowote. Basi wako ni ule wa tatu.

Ni mimi mdogo wako,
Mwanaisha