Kusoma Kutoka Upande wa Pili wa Meza

Alhamisi, jioni. Ukungu ulishuka mchana na haujaondoka, nguo nilizofua juzi bado mbichi kambani, na mimi nina baridi ambayo najua haitokani na ukungu.

Naogopa.

Nimeliandika neno hilo peke yake ili nilione vizuri. Shuleni siwezi kulisema, maana watoto wakishamjua mwalimu mwoga hawamwachi. Hapa hakuna wa kunicheka.

Kesho anakuja mkaguzi wa elimu kutoka wilayani. Anakuja kulisikiliza darasa la pili likisoma, na darasa la pili ni langu. Mimi ni mmoja wa wale vijana waliomaliza darasa la saba wakafundishwa ualimu hapa hapa kijijini, kwa sababu watoto ni wengi na walimu wenye vyeti hawatoshi. Bado natazamwa. Mkaguzi akiridhika nitaendelea. Asiporidhika nitarudi kwa mama, kule Bumbuli, kuchuma chai, na mama ameshawatangazia majirani wote kwamba binti yake ni mwalimu. Hadi leo asubuhi niliamini kwamba hilo ndilo la kuogopa.

Kwa majuma kadhaa sasa tumekuwa kwenye maneno magumu ya R. Ra, re, ri, ro, ru walizimaliza darasa la kwanza, wakaziimba mpaka zikatuchosha sote. Taabu ni pale R inapokuja nyuma ya irabu, halafu yenyewe haina irabu ya kuegemea: ardhi, sharti, fursa, korti. Mtoto akifika hapo ulimi unamkwama, naye anajiongezea irabu ya kumvusha. Anasoma aridhi, shariti, furusa. Wala si watoto peke yao. Mwenyekiti wetu wa kijiji akihutubia husema aridhi, na sijaona aliyethubutu kumsahihisha.

Nimewafundisha kwa makofi. Ar, dhi: makofi mawili. Ukipiga la tatu umeongeza kitu ambacho kitabuni hakimo. Mwalimu wa darasa la tatu ananung'unika kwamba kwangu kuna kelele kama kwenye harusi, lakini watoto wanashika. Nilikuwa najivuna, niseme kweli. Nilishajitungia kichwani sifa zote ambazo mkaguzi angenimwagia, na nilijibu kwa unyenyekevu mkubwa.

Aliyeshika kuliko wote ni Zaina. Ana umbo dogo, sweta lake limetoboka viwikoni, na kofi la tatu halijui. Akianza kusoma pale mezani kwao, wenzake hunyamaza wamsikilize.

Leo Mwalimu Mkuu alipita darasani kunieleza kesho itakavyokuwa. Mkaguzi hatasikiliza meza kwa meza kama tulivyozoea. Ataita mtoto mmoja mmoja, asimame mbele, ashike kitabu mkononi, asome. Mwalimu Mkuu alipoondoka nikaona heri tufanye mazoezi hivyo hivyo, nikamwita Zaina awe wa kwanza ili wengine wapate moyo.

Akaja. Nikampa kitabu. Akakitazama.

"Soma tu, Zaina," nikamwambia. "Ni ukurasa ule ule wa jana."

Midomo ikacheza, sauti haikutoka. Niliona kidevu kinatetemeka, nikadhani ni haya ya kusimama mbele za watu. Neno la kwanza lilikuwa ardhi, ambalo jana alilisoma huku anachezea kifungo cha sweta. Hakuliweza. Kisha taratibu, bila kuniangalia, akakigeuza kitabu juu chini, na maneno yakamtoka moja baada ya jingine, safi kabisa: ardhi, sharti, fursa, korti.

Darasa halikucheka. Wao hawakuona ajabu yoyote.

Niliwaita wengine wawili wanaokaa upande wake. Mmoja alikigeuza kitabu vile vile. Mwingine alisoma kikiwa sawa, ila polepole, shingo imepinda mpaka sikio likagusa bega.

Shule yetu wanakijiji waliijenga wenyewe kwa kujitolea, mawe wakiyapandisha kichwani kutoka mtoni. Madawati hayakupatikana, basi fundi akapasua mbao na kutengeneza meza pana zenye mabenchi pande mbili. Kila meza ina kitabu kimoja. Kitabu hulala katikati, hakiinuliwi kisije kikachanika, na anayefunua kurasa ni yule ambaye kitabu kimemwelekea. Kila mtoto ana mahali pake, alipopewa siku ya kwanza ya darasa la kwanza, na mahali pa mtu hapaguswi. Nilipopokea darasa nililikuta hivyo, na wao wenyewe hugombana mwenzao akisogea hata kidogo. Zaina, tangu aanze shule, amekaa upande wa pili. Kujifunza kusoma amejifunza vizuri sana. Amejifunza kile alichokuwa anakiona.

Na ubaoni je? Nimejiuliza hivyo mchana kutwa. Ubaoni tunasoma wote pamoja kwa kuimba, na maneno ni mafupi, mtoto anabebwa na sauti za wenzake. Anapoandika, nimemgombeza sijui mara ngapi kwa kuligeuzageuza daftari. Nilidhani ni utundu.

Mkaguzi hatayajua haya yote. Atampa kitabu, atasubiri kidogo, ataandika kwamba mtoto hajui kusoma. Asiyejua kusoma atarudishwa darasa la kwanza. Na baba yake Zaina alishasema wazi kwenye kikao cha wazazi kwamba binti yake akirudishwa darasa, basi shule imemshinda, abaki nyumbani kulea wadogo zake na kumsaidia mama yake shambani. Alisema bila hasira, kama mtu anayekueleza kwamba kabichi iliyooza haipelekwi sokoni.

Kwa hiyo sasa roho iko juu juu, na ni kwa ajili ya mtoto wa mtu.

Wazo la kwanza lililonijia si zuri, lakini naliandika. Nilitaka Zaina asije shule kesho. Watoto walipotawanyika nikashuka kwao, kule chini kwenye matuta ya mboga, viatu mkononi kwa sababu ya utelezi. Njiani nikajizoeza uongo. Nitamwambia mama yake kwamba mtoto leo alikuwa na macho mekundu, naona homa inamnyemelea, apumzishwe hiyo kesho tu. Nilitafuta hata sura ya huruma ya kusemea.

Mama mtu sikumkuta, alikuwa bado shambani. Jikoni mlango ulikuwa wazi. Baba yake Zaina alikaa kwenye kigoda, kitabu cha kisomo cha watu wazima kiko magotini. Zaina alichuchumaa ng'ambo ya mafiga, mdogo wake mgongoni, amemwinamia baba yake. Hawakuniona mara moja.

"Sha-ri-ti," baba akasoma, na kupiga makofi matatu.

"Baba, mawili," Zaina akasema. "Shar. Ti."

Yule baba, mwenye mikono iliyokomaa kwa jembe, akapiga mawili. Akacheka peke yake kwa furaha. Kitabu kilikuwa kimemwelekea yeye. Zaina alikisoma kutoka kule alikochuchumaa, kidole chake kikimtangulia baba neno kwa neno. Hakukosea hata mara moja. Nilisimama pale mlangoni nikatamani kulia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwalimu! Pita, pita motoni, baridi hii itakuua." Akafunga kitabu haraka, kama aliyefumaniwa. Halafu akakifungua tena. "Si unaona mwenyewe. Kule kisomoni naona haya kuulizauliza mbele ya vijana. Huyu hapa hanicheki. Nikikosea ananiambia kabla hata sijalimaliza neno."

Nikasema mtoto ni hodari.

"Kesho kabichi zangu zitakwenda soko la Soni na jirani," akasema. "Mimi nitasimama pale dirishani. Nataka nimsikie anavyomsomea huyo mkubwa."

Nikajikaza nikamwuliza, kama mtu anayetania, je, akishikwa na woga asisome vizuri?

"Huyu?" Akacheka. Kisha akaacha kucheka. "Mwalimu, nilisema kikaoni mbele ya watu. Siwezi kula maneno yangu kwa sababu mtoto ni wangu."

Uongo wangu ukafia kooni. Mtu aliyeacha siku yake ya soko kwa ajili ya kusikia mtoto akisoma, unaanzaje kumwambia habari ya macho mekundu? Nikapewa kikombe cha uji, nikanywa, nikaaga.

Zaina alinisindikiza mpaka njia panda, mtoto bado mgongoni. Tulipofika pale ndipo akaniambia, akiwa anatazama miguu yake:

"Mwalimu, kesho kitabu akishike mkaguzi mwenyewe. Mimi nisimame mbele yake. Nitasoma yote."

Kumbe mchana kutwa na yeye alikuwa analihangaikia. Alijua. Sikuwa nimemwambia lolote darasani, nilikichukua tu kitabu na kumwambia akakae, lakini uso wangu alikuwa ameusoma. Nikamwambia nitafikiria, ajifunike vizuri, arudi nyumbani. Nimepanda mlima wote nikilifikiria hilo tu.

Na lingewezekana! Hilo ndilo linalonitisha. Ningemweka mkaguzi kwenye kiti, kitabu mbele yake kwa heshima zote, Zaina ng'ambo ya meza. Angesoma kama maji. Mkaguzi angedhani mtoto amehifadhi kwa ubongo wa ajabu, angemsifu, angenisifu na mimi, na baba pale dirishani angerudi nyumbani kifua mbele. Mimi ningepata nilichokuwa nakiota. Nani angejua?

Halafu mwakani angeingia darasa la tatu, ambako madawati yanatazama mbele na mtoto anapewa kitabu mkononi. Mwalimu yule hapendi hata makofi. Angemkuta hawezi kusoma neno ambalo mkaguzi mzima alishasifu. Wangesema alidanganya, au alikariri, na Zaina asingekuwa na la kujitetea, maana yeye mwenyewe hajui kwa nini maneno yanamkataa. Asubuhi moja ya mazoezi haitamgeuza. Atahitaji muda, na mtu wa kukaa naye. Muda huo ndio wa kumwombea kwa mkaguzi, na hauwezi kuombwa bila kusema ukweli.

Ukweli wenyewe ninaujua utakavyosikika. Mwalimu wa darasa la pili ana watoto wanaosoma vitabu juu chini, na hakuwa na habari mpaka siku moja kabla ya ukaguzi. Nikiwa mkaguzi mimi, ningeandika nini?

Nilipita kwa Mwalimu Mkuu nimweleze kwanza. Nikawakuta wanasali kabla ya chakula, nikasimama uani nikisubiri waseme amina. Waliposema amina nikaondoka. Hivyo ndivyo nilivyo mwoga. Naogopa uso wake, naogopa kalamu ya mkaguzi, namwogopa yule baba dirishani kuliko wote wawili.

Lakini kuna sentensi nimeitunga. Nimesimama katikati ya chumba hiki, nikautazama ukuta, nikaisema kwa sauti: "Ndugu Mkaguzi, kabla hujamwita mtoto yeyote, naomba ukae upande huu wa meza. Utamsikia Zaina akisoma kutoka upande ule. Ukishamsikia, nitakuonyesha kosa lilipo, na kosa hilo si lake."

Mara ya kwanza sauti ilikatika kwenye maneno ya mwisho. Nimejaribu tena, ikatoka yote, inatetemeka lakini imetoka. Kesho nitaisema hivyo hivyo ikitetemeka, Mwalimu Mkuu akisikia na baba akisikia, kabla mtu hajaandika chochote.

Kama kuna wa kurudishwa nyumbani kesho, asiwe Zaina.