Fimbo Iliyotakiwa Kuvunjika

Migato, Itilima
Jumapili, tumetoka kanisani

Mama yangu,

Mashine ya nyasi ya Baba mdogo imevunjika kwa sababu yangu. Sijamwambia mtu, hata Bibi ninayelala naye kitanda kimoja. Anayelaumiwa ni Fundi Maduhu, na mimi nakula ugali wangu kimya kama sijui kitu.

Nisamehe nimetanguliza hilo. Ningeanza na salamu, ningeishia kwenye habari za mvua. Shikamoo, Mama. Mgongo unaendeleaje? Bado unashona mpaka miguu inavimba? Mimi mwili ni mzima. Kwenye simu nisingeweza kukwambia haya, maana simu ya Baba mdogo sauti yake inafika mpaka zizini, na unanijua, mbele za watu maneno yananikauka.

Nakukumbuka mpaka vitu vya kijinga. Cherehani yako inavyoanza kabla sijaamka. Milima yetu ya Morogoro asubuhi ikiwa na ukungu. Huku ni tambarare tu, jicho halina pa kuegemea. Kisukuma wanacheka ninavyokitamka. Nikimsalimia mtu "mwangaluka", ambayo ni salamu ya asubuhi, wakati jua limeshapanda sana, watoto wananifuata nyuma wakiirudia mpaka kisimani. Bibi ananiita mayu, yaani mama, ananishika masikio, anasema ni yaleyale ya marehemu baba. Nampenda Bibi. Lakini tangu nimalize mtihani na kuletwa huku kusubiri kidato cha tano, kila siku naamka nikihesabu. Baba mdogo aliniahidi: "Tukimaliza kukata nyasi za ngitili, kesho yake nakupandisha basi pale Bariadi." Basi nikawa naisubiri hiyo mashine kuliko ng'ombe wenyewe.

Ngitili, kama baba hakuwahi kukusimulia, ni eneo la nyasi wanalolifunga masika yote, ng'ombe hawaingii, ili kiangazi wapate cha kula. Bibi anasema tangu aolewe hajaona ngitili ikifunguliwa kwa mashine, hufunguliwa kwa kuingiza ng'ombe. Baba mdogo yeye anataka nyasi zikatwe zingali na ubichi kidogo, zikaushwe, ziwekwe ghalani, kwa sababu ng'ombe wakiingia wanakanyaga nusu. Watu wa misheni walikuwa na mashine ya zamani sana imelala nyuma ya banda, wakamwambia achukue. Ni upau mrefu wa chuma unaolala chini ubavuni mwa trekta, una visu vya pembetatu vimepangwa kama meno ya papa kwenye kitabu chetu cha Biology. Visu vinakwenda huku na huku, nyasi zinalala.

Kuifunga kwenye trekta ilichukua siku nne. Trekta nayo ni kuukuu, matundu ya boliti hayakulingana na chochote. Fundi Maduhu alitoboa bamba la chuma, akaweka jeki, akalala chini ya trekta huku anaimba. Ni rafiki wa Baba mdogo tangu wakichunga pamoja. Kilichobaki ni fimbo moja, urefu wa mkono wangu na zaidi, inayotoka kwenye gurudumu linalozungushwa na trekta na kwenda kuvisukuma visu. Ya zamani ilikuwa ya mti, imeliwa na mchwa.

"Mzungu naye," Fundi Maduhu akacheka, "chuma chote hiki, halafu hapa anaweka ukuni!"

"Kabula, lete hicho kitabu chako cha Kiingereza," Baba mdogo akasema. "Kinasemaje hapo?"

Kitabu kilikuja na mashine. Nikasoma kimoyomoyo. Mama, kilisema wazi kabisa. Fimbo lazima iwe ya mti mgumu uliokauka vizuri, kwa sababu kisu kikigonga jiwe au kisiki, yenyewe ndiyo inayovunjika na kuokoa vingine vyote. Nikajua maana yake: kutafuta ubao, kuukausha, wiki tatu, labda nne. Na Fundi alikuwa ameshashika kipande cha nondo mkononi.

Nikasema, "Kinasema chochote kilicho imara."

"Si nilisema!" Akachomelea jioni ileile.

Kesho yake tulikata mistari miwili. Nyasi zililala kwa mpangilio mzuri, hata Bibi alipiga kigelegele. Nilikuwa nimeshafunga begi langu. Mstari wa tatu, paa! Ngitili ina visiki vya migunga wanavyoviacha makusudi vichipue, na kwenye nyasi ndefu huvioni. Nondo haikuvunjika. Kichwa cha kisu ndicho kilichokatika, na lile chuma zito linaloshika upau likapasuka vipande viwili.

Baba mdogo alishuka kwenye trekta. "Maduhu, wewe ni fundi wa baiskeli. Nani alikutuma kwenye trekta?"

"Kitabu kimesema imara! Muulize msomi wenu."

Wote wakanigeukia. Nikatikisa kichwa kukubali. Baba mdogo akasema, "Basi kitabu hakina kosa. Wewe ndiye umefunga hovyo."

Yaani nilidanganya mara mbili, Mama, na ya pili bila hata kufungua mdomo.

Sasa watoto kisimani wanamwita Fundi Nondo. Juzi alipita na baiskeli yake, zamani angeshuka. Alinisalimia tu, "Mwadila, msomi," akaendelea. Hakusema kwa ubaya. Hapo ndipo nilipoumia. Na leo kanisani Baba mdogo amewaambia wenzake kwamba mchana huu anakwenda kwa Maduhu kumwambia asiguse tena trekta yake, ataleta fundi wa Bariadi.

Nikisema ukweli, najua kitakachofuata. Itabidi watafute vyuma vingine, wachonge fimbo ya mti, na mimi niwasomee kitabu kile upya, safari hii neno kwa neno. Hakuna wa kunipandisha basi mwezi huu. Kwa hiyo usinitandikie kitanda, Mama. Nilitaka sana kuja, mpaka nikamfanyia mtu mzima vile.

Msalimie kaka Emanueli, mwambie asilale upande wangu wa dirishani. Mama mkubwa Rehema wa genge la nyanya nampa shikamoo, na mjomba Fabiani aliyenisindikiza mpaka stendi, mwambie viatu alivyoninunulia vimeshajua matope ya huku.

Baba mdogo anakuja. Nasikia mabuti yake uani, anakuja kuchukua funguo za pikipiki, ziko hapa ukutani juu ya meza yangu. Siku zote akiingia naweka daftari juu ya ninachoandika. Leo daftari liko kitandani na sijanyoosha mkono kulichukua.

Amebisha. "Kabula, upo?"

Nimemjibu, "Nipo, baba. Usiende kwanza. Ingia usome."

Mwanao anayekuwaza,
Kabula