Upande wa Moto

Matai, 9 Agosti 1974

Mwanangu Clemens,

Pokea salamu zetu kutoka huku kwenye upepo. Mimi na mama yako wazima, ila goti langu linanikumbusha umri. Wewe je, homa za Morogoro zimekuacha?

Huku habari ni kuhama tu. Jana Leonardi, mwenyekiti, alipita na mgambo wawili. Amesema kabla ya mvua kitongoji chote kiwe kimehamia kijiji kipya cha Ujamaa, kule barabarani. Nikamwambia mimi nitatoka hapa nimebebwa. Akacheka, akasema wabebaji anao. Wewe unakaa na wakubwa wenye mihuri. Nisaidie.

Baba yako,
Dominiko


Morogoro, 20 Septemba 1974

Shikamoo baba,

Homa imeniacha. Natumaini goti linaendelea vizuri, na mama hajambo.

Nimepata njia. Hapa maabara ya udongo tunachunguza kaboni. Majani huivuta kutoka hewani. Yakioza ardhini udongo huitunza, yakichomwa hurudi hewani. Nimewaeleza wakubwa jinsi sisi Wafipa tunavyofukia majani ndani ya matuta ya mviringo, intumba. Wamekubali shamba lako liwe la majaribio miaka mitatu. Ligawe mara mbili. Upande wa majani, fukia kama kawaida. Upande wa moto, choma kila kitu. Kila Oktoba nitumie kopo moja la udongo kutoka kila upande.

Kibali ndicho hiki, kina muhuri wa mkoa. Mtunza shamba haondolewi wala haondoki mpaka jaribio liishe. Ni cha mtu mmoja tu, baba. Mama itabidi ahame, lakini ni mwendo wa saa mbili.

Mwanao,
Clemens


Matai, 2 Novemba 1975

Mwanangu Clemens,

Salamu sana. Mimi mzima. Makopo nimempa dereva wa lori, yamefungwa vizuri.

Leonardi alipokisoma kile kibali mwaka jana alikisoma mara mbili, akanirudishia, akaondoka. Nilicheka siku nzima. Sasa sina wa kucheka naye. Nyumba ishirini na moja zimeng'olewa milango. Mama yako huja Jumapili na chakula kilichopoa, anakaa kidogo, anarudi. Juzi nilimsalimia ng'ombe aliyepotea, nikasimama nikingoja aitikie.

Hivi jaribio likiharibika, wanalifanyaje? Nauliza tu.

Baba yako,
Dominiko


Morogoro, 15 Januari 1976

Shikamoo baba,

Sisi huku wazima. Nimecheka kuhusu ng'ombe.

Baba, tumeuunguza ule udongo kwenye tanuru letu na kuupima. Kaboni ya makopo yote mawili iko sawasawa. Wakubwa hawajaona bado, nimeona mimi tu. Ulichoma kweli? Niambie, usiogope.

Mwanao,
Clemens


Matai, 11 Februari 1976

Mwanangu Clemens,

Nimepata barua yako nikiwa mzima. Mama yako anakohoa tangu Krismasi.

Sikuchoma. Niliwasha kiberiti, nikayatazama yale majani, nikakizima. Udongo huo umekulisha wewe na wadogo zako. Ningeupaje moto badala ya chakula? Nimefukia pande zote mbili. Basi jaribio limeharibika na kosa ni langu. Waambie wakubwa ukweli wote. Wakitaka kukifuta kibali, wakifute. Mimi niko tayari.

Baba yako,
Dominiko


Morogoro, 3 Mei 1976

Shikamoo baba,

Mpe mama pole nyingi. Mwambie aende zahanati.

Nimelia niliposoma barua yako. Ulikuwa tayari kuhamishwa ili mimi nisiseme uongo! Nisingekubali. Tarakimu za upande wa moto nimeziandika mwenyewe, jinsi zilivyopaswa kuwa. Zimewapendeza mno, wameongeza miaka mitano. Hakuna atakayekugusa, baba.

Ila na mimi sitoki hapa tena. Niliitwa kazi Mbeya, karibu na nyumbani, nimekataa. Atakayeshika nafasi yangu atapima, ataona. Nikisikia mlango wa maabara, nafunika daftari la vipimo.

Mwanao,
Clemens


Matai, 26 Septemba 1976

Mwanangu Clemens,

Salamu. Mimi ni mzima. Mama yako si mzima.

Nilikuambia ukweli ili unitoe. Niliona haya kuandika kwamba nyumba niliyoipigania imenishinda, baada ya wewe kuhangaika na mihuri yote ile. Sasa naandika: nataka kulala anapolala mama yako, nimshikie kikombe akikohoa usiku.

Juzi nilikwenda nikalala kwake. Asubuhi Leonardi akaja, akanisalimia kwa heshima zote, akanisomea kibali chako: haondolewi wala haondoki. Akanirudisha hadi mlangoni kwangu. Mama yako alibaki amekaa kitandani, akikohoa.

Sikulaumu. Niliomba mimi.

Leo nimechoma. Upande wote wa moto, mpaka mizizi, na nitachoma kila mwaka mpaka tarakimu zako ziwe za kweli. Nimelia kwa moshi na kwa mengine. Mimi nitabaki, lakini wewe usibaki kwa ajili yangu. Wakikuita tena Mbeya nenda, na ukipita Matai anza kwa mama yako.

Makopo nitatuma Oktoba, kama kawaida.

Baba yako,
Dominiko, mtunza shamba