Mwenye Miti, Mwenye Shamba

Mambrui, Jumanne

Na bado afisa ananiambia hakuna aliyekosea. Pengine ni kweli, na ndiyo maana silioni la kufanya.

Bi Mwanasha, mjane, ana mikorosho arubaini aliyoipanda marehemu babake. Shamba lenyewe ni la mtu mwingine, anayekaa Mombasa. Huku kwetu si ajabu: ardhi yako, miti yangu, na watu wameishi hivyo tangu zamani. Sasa serikali inatoa ruzuku kwa asiyekata miti, na fomu inataka hati ya shamba. Aliyelipwa ni yule wa Mombasa.

Asubuhi nilimuuliza afisa wa ruzuku, na mwenye miti je? Akaigeuza fomu mbele na nyuma. "Mwandishi, nionyeshe basi. Nimwandike wapi?"

Nilipompelekea Bi Mwanasha jibu hilo, alicheka hadi akashika ubavu. "Yule analipwa kwa kutokata miti yangu? Haya mwanangu, nami nitaikata, nilipwe na watu wa makaa."

Nikamwomba asubiri. Akaniuliza asubiri nini, na makuti ya paa yameoza, mvua inamwingilia hadi kitandani. Miti ile ikishaanguka hakuna fomu itakayo...

Nilimwambia nitaandika habari yake gazetini.

"Itatoka lini?"

Nikasema Jumapili. Akatikisa kichwa, bila hasira. Wenye msumeno wanakuja Alhamisi.