Mama, Uliogopa, na Wao Wameandika Hukuogopa

Mama,

Shikamoo. Najua huitikii tena, lakini sijazoea kuanza kuongea na wewe bila salamu.

Nimekasirika. Wale watafiti waliokuja Litembo kuuliza wazee wanakifikiriaje kifo wamerudi jana na majibu, wakatuita ofisi ya kata. Mtaalamu wao akasema wazee wa milimani hawaogopi kufa, ila wa Lundo, kule ziwani, wanaogopa sana. Kwa hiyo watu wa kukaa na wagonjwa mahututi na kuzungumza nao watapelekwa Lundo. Huku kwetu eti hawahitajiki. Na watu wakapiga makofi!

Wewe ulikuwa mmoja wa wazee hao. Nilikuwa jikoni nikakusikia ukimjibu katekista wetu, waliyempa fomu azunguke nazo nyumba kwa nyumba: "Siogopi, namngoja Bwana." Ulimjibu kama mtoto wa kipaimara anayejibu alichokaririshwa. Ungemwambia nini kingine mtu anayetuongozea sala kila Jumapili? Wiki hiyohiyo, tukichuma kahawa, uliweka debe chini ukasema, "Mwanangu, naogopa. Usiniache nife peke yangu." Ukalia, ukafuta uso kwa kitenge, ukaendelea kuchuma.

Na aliyewapa jina la katekista ni mimi. Walitaka mtu asiyefungiwa mlango, nami nikajiona nimesaidia kweli. Kule Lundo aliyeuliza ni binti wa chuo, mgeni kabisa. Huyo watu walimweleza yote.

Pale ofisini nikanyoosha mkono nikayasema hayo. Mtaalamu akatabasamu: "Dada, maswali yalikuwa yaleyale." Maswali! Aliyeuliza ni nani, hilo hawajaliandika popote. Nilitamani kuichana ile ripoti. Nilikushika mkono siku nne mpaka ukanyamaza, halafu mtu aniambie hukuhitaji wa kukushika.

Nimewabana mpaka wamekubali kurudia. Safari hii kila mzee ataulizwa na watu wawili tofauti, na jina la anayeuliza liandikwe juu ya fomu. Lakini wazee wenzako wanasema watajibu vilevile, wasije wakaonekana hawana imani.

Basi pumzika, Mama. Nakuahidi nitaomba niulizwe mimi kwanza, pale kigangoni, uwanjani mbele ya kanisa, katekista mwenyewe akiwa ameshika kalamu na wote wakisikiliza. Nitasema naogopa.

Mwanao,
Edita